Mlio wa Skuta ya Masi

Ujumbe ulinikuta dukani, nikibishana na kijana wa bodaboda aliyetaka saiti mira, vile vioo vya pembeni, za rangi ya dhahabu kwa bei ya bure. Simu ikatetemeka juu ya kaunta. Alikuwa Hansa, kutoka huko ughaibuni alikohamia: "Mama ametutoka jana asubuhi, usingizini. Mwambie na Mwanahawa." Nikasoma, nikarudia kusoma, kisha nikamwambia yule kijana achukue saiti mira kwa bei anayoitaka aniondokee. Akabaki ananishangaa, maana mtaa mzima wa Kariakoo wanajua kwamba Mama Spea hapunguzi. Nikaenda kukaa kwenye kigoda nyuma ya rafu za oili, nikalia. Na niseme kabisa, sikulilia kifo. Masi, ndivyo nilivyomwita mama yake Hansa, yaani mama mdogo kwa Kigujarati, alikula chumvi nyingi, akafa kitandani mwake na wanawe wako karibu, tuombe sote tupate mwisho kama huo. Nililia kwa sababu ya kitu nilichomharibia nilipokuwa msichana, kwa mikono yangu hii, na kwa mapenzi matupu. Nilihangaika kukirekebisha nikaamini nimekirekebisha, lakini hata hivyo hatia haikunitoka. Huwa inanipanda kila ninaposikia skuta ya zamani ikikohoa barabarani.

Mwaka ule nilikuwa nina miaka ishirini na moja. Nilikotoka na kilichonitoa si habari ya leo. Niliajiriwa kuuza spea kwenye duka moja hapa hapa Kariakoo, sina pa kulala pa maana, na Hansa, aliyekuwa akija kununua vitu vya gari lao, alikuwa anaolewa Mwanza na hakutaka mama yake abaki peke yake. Nikapewa chumba cha nyuma kwenye ghorofa lao la Mchafukoge, bila kodi, kwa sharti kwamba nilale ndani na nyama isivuke kizingiti. Chumba chenyewe kilikuwa na kabati la bati, kitanda cha kamba, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani, ukuta ulio karibu kiasi kwamba nilisikia mama wa upande wa pili akimgombeza mumewe kwa Kigujarati na mume akijibu kwa kukohoa tu. Lakini jiko! Jiko la nyumba ile sijapata kuona jingine. Asubuhi mbegu za haradali zinapasuka kwenye mafuta, mchana dengu zinachemka polepole, na chapati za Masi zilikuwa nyembamba hadi ukiinua moja unaona mwanga. Mimi Mchaga nimezaliwa na nyama mdomoni, kwa hiyo Jumapili nilijiiba hadi Feri, pale Kivukoni, nakula samaki wa kukaanga, nasukutua mdomo mara chungu nzima, narudi. Nikiingia tu Masi anasema, "Samaki wa leo mzuri, dikri?" Dikri ni binti, kwa lugha yao. Mwanahawa, dada wa Magomeni aliyekuwa akija kila asubuhi kumsaidia kazi za nyumbani, alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta.

Masi alikuwa haoni vizuri. Mtoto wa jicho alimfunika macho yote mawili na yeye aliogopa kisu cha daktari kuliko giza lenyewe. Nyumba aliijua kwa masikio. Mwanahawa alimjua kwa kandambili, mimi kwa mafungu ya funguo yaliyokuwa yakinining'inia kiunoni. Alifiwa na mumewe mwaka mmoja kabla sijafika, na kwa desturi aliyolelewa nayo mke hataji jina la mumewe, basi hata baada ya kifo aliendelea kumwita "yeye". Yeye hakupenda chumvi nyingi. Yeye alikuwa akikaa kiti hiki, kaa kile. Chini ya ngazi, ukiingia tu kutoka barabarani, ilisimama skuta ya huyo yeye, imefunikwa shuka la maua, rangi yake ya kijani cha jani la mgomba lililopauka. Siku moja nilikuta Masi ameshuka taratibu akishika ukuta, amekaa ngazi ya mwisho, anapapasa usukani. "Inaoza, dikri," akaniambia. "Chombo kisichotembea kinaoza. Wewe unauza spea. Unajua kuendesha?" Nikasema najua. Sikujua. Nilijifunza uwanja wa Mnazi Mmoja Jumapili mbili, nikachunika goti, nikajua. Masi aliniwekea sharti moja tu: jioni saa kumi na mbili niwe nimefika. Si na dakika tano, si na robo. Mimi nikanung'unika moyoni, nikasema haya, nimepata geti la bweni, mama wa watu ananichunga nisipate mimba.

Na nikaipenda ile skuta, jamani, nisifiche. Nilikuwa naifungua kabureta naiosha kwa mafuta ya taa, plagi naisugua kwa msasa mpaka inang'aa, waya wa klachi naupaka grisi kila Jumamosi, petroli naichanganya na oili mwenyewe kwenye chupa ya plastiki kwa sababu wa kituoni wanapunja. Kisha likaanza pambo. Ukikaa duka la spea pambo linakuita kwa jina. Nikaweka saiti mira mbili, halafu nyingine mbili juu yake. Nikaweka kava ya siti ya plastiki nyekundu yenye nyuzi zinazoning'inia, madigadi ya mpira yenye nyota, keria ya kung'aa nyuma, kofia ya tairi la spea, honi inayolia kama bata mzinga. Nilikuwa nikipita Msimbazi wapiga debe wananiimbia, "Bibi harusi huyoo! Bwana yuko wapi?" na mimi najibu, "Anakuja nyuma na punda!" Kila nilipoongeza kitu nilimwita Masi chini, akapitisha vidole, akauliza hiki nini, hiki cha nini, rangi gani. Hakuna alichokataa. Alipofika kwenye zile nyuzi za siti alicheka, akasema yeye angeona aibu kuikalia, lakini angeikalia. Nilijiona nimewafurahisha wote wawili, aliye hai na aliyekufa.

Kuhusu ile saa kumi na mbili, nilikuja kuambiwa na Mwanahawa. Siku hiyo nilichelewa dukani, nikafika giza limeshaingia, nikamkuta Masi amekaa jikoni kimya na sufuria baridi mbele yake, hakuitikia hata shikamoo yangu. Kesho yake asubuhi Mwanahawa akanivuta hadi kwenye karo. "We Feli, hivi huna akili au huna masikio? Hujajiuliza kwa nini kila ukipanda ngazi unakuta chai ndiyo kwanza inatokota?" Nikasema ni bahati. "Bahati ya mama yako! Mzee alikuwa akifunga duka lake anarudi saa kumi na mbili. Mama akiisikia skuta kwenye kona ya kinyozi anabandika maziwa, tangawizi, iliki. Mzee akimaliza ngazi, chai tayari. Miaka yote ya ndoa. Sasa anakusikia wewe." Nikashikwa na woga, nikauliza kama Masi anadhani mumewe yu hai. Mwanahawa akanitazama kama mtu anayemtazama mjinga. "Nilimuuliza hivyo hivyo. Akanijibu, najua amekufa, mimi si mwendawazimu, lakini sikio langu halijafiwa bado." Tangu siku hiyo sikuchelewa tena. Nilikuwa nafunga duka mbio, nawapita watu, nakata kona ya kinyozi saa kumi na mbili ipo, nazima injini chini ya ngazi, napanda, na vikombe viwili viko mezani. Kimoja chake. Kingine nilikuwa nakunywa mimi, kwa sababu, alisema, chai haimwagwi.

Sasa mlio wenyewe. Skuta ile ilikuwa inakohoa. Bomba la moshi lilikuwa la zamani, limepata tundu, na marehemu mwenyewe aliliziba kwa kipande cha kopo la maziwa na waya. Basi ikitembea ilikuwa inatoa mlio wa kawaida, halafu kikohozi kidogo, halafu mlio. Mimi muuza spea niliona haya. Vioo vinne, siti nyekundu, honi ya bata mzinga, halafu nyuma bomba la kopo! Na ilikuwa nzito, ikipanda kilima kidogo tu inapumua kama mgonjwa. Ilipokaribia Dashera, sikukuu ambayo wao huosha vyombo vyao vya kazi na vya safari wakavipaka alama nyekundu na kuvivisha maua, nikaamua nimtolee Masi zawadi. Nilikuwa nimeona dukani bomba jipya, linang'aa kama sufuria ya harusi. Nikalichukua, nikakubaliana na tajiri wangu anikate mshahara kidogo kidogo. Mchana wa kuamkia sikukuu nikaipeleka skuta kwenye karakana za Gerezani kwa fundi Shabani, mtani wangu, kijana aliyekuwa haachi kuniambia atakuja kwetu Kilimanjaro na mbuzi. Shabani akalifungua la zamani, akalitupa pembeni, akafunga jipya. Akapiga kiki. Skuta ikaunguruma kwa sauti nzito, safi, ya mfululizo, mafundi wa jirani wakageuka. "Sasa hii ndiyo skuta," Shabani akasema. Nikaisukuma kwa mkono kutoka mtaa wa nyuma hadi chini ya ngazi, injini imezimwa, nisiharibu zawadi, nikapanda kwa miguu na kumwambia Masi kwamba leo imekaa kwa fundi. Akasema sawa, akabandika chai kwa kukisia.

Asubuhi ya sikukuu Masi alishuka amevaa sari nyeupe yenye ukingo mwembamba, Mwanahawa amemshika kiwiko. Tuliiosha skuta mpaka imetoa nuru. Masi akaivisha shada la maua ya manjano shingoni mwa usukani, akachovya kidole kwenye unga mwekundu akaipaka pale juu ya taa, akaweka ndimu mbili chini ya matairi ili ikitembea izipasue. Midomo ilikuwa ikimcheza kwa maneno ya chini chini. Kisha akasema, "Washa, dikri." Nikapiga kiki mara moja tu, nayo ikaitika. Ule mlio mzito ukajaa kwenye ule ujia wa ngazi, ukapanda juu, majirani wakafungua milango. Mkono wa Masi ulikuwa juu ya siti. Akauondoa. Akageuza kichwa kama mtu anayesikiliza nyuma ya kelele, labda kuna kitu kingine huko nyuma, akangoja. Nikavuta moto zaidi ili asikie vizuri, Mungu anisamehe, nikaizidisha. "Ni ya nani hii?" akauliza. Nikapiga kelele juu ya injini, "Ni ile ile, Masi! Nimeiwekea bomba jipya! Zawadi yako!" Masi akasema neno moja tu. "Siye." Si yeye, si mumewe. Akageuka, akatafuta ukuta kwa mkono, akapanda ngazi bila kumngoja Mwanahawa. Nami nilikuwa bado nimeshika usukani, tairi la mbele limeshakanyaga ndimu.

Jioni ile tulimsikia analia. Mwanahawa, aliyekuwa naye kwenye msiba wa mzee, aliniambia hakulia hivyo hata siku ile maiti ilipotolewa. Alikuwa anatoa sauti ndogo, kama mtu anayeita asisikiwe na majirani. Mwanahawa hakunigombeza, na hilo likanichoma zaidi. Alisema tu, "Kipya kinyemi, mdogo wangu, ingawa kidonda." Nikashuka ngazi mbili mbili, nikaenda Gerezani. Shabani alikuwa anafunga vyombo. Nikamwambia nipe bomba langu la zamani. Akacheka. Kule Gerezani spea iliyofunguliwa ni ya fundi, ndiyo desturi, mteja asipoitaka papo hapo imekwisha. Mimi muuza spea nilijua desturi hiyo kuliko mtu yeyote, na jana yake sikufungua mdomo kulidai. "Feli, nimewapa wale wahunzi," akasema. "Kwani lilikuwa na nini? Lilikuwa na tundu!" Tukaenda kwa wahunzi. Mmoja akanyoosha kidole kwenye rundo la majiko ya mkaa. Bomba la yule mzee, na kopo lake la maziwa, lilikuwa limekatwa na kugongwa, na sehemu yake imekuwa miguu ya majiko. Majiko mangapi, yameuzwa wapi, hajui. Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi la chuma, Shabani ananipepea kwa kofia yake, ananiita mke wangu, mke wangu, utani wote umemtoka.

Wiki zilizofuata nilikuwa kama nimerogwa. Kila chakavu kilichoingia Gerezani nilikwenda kukikagua. Nilifunga bomba moja baada ya jingine, nikatoboa matundu, nikaziba kwa makopo ya maziwa na waya, vidole vikaungua, kucha zikawa nyeusi, dukani tajiri akanionya mara mbili. Kila jioni saa kumi na mbili nilikata kona ya kinyozi, nikaacha injini inaunguruma chini ya ngazi, nikaita, "Masi?" Na kutoka juu ikaja sauti ya upole, haikukasirika hata siku moja: "Siye, dikri. Panda ule." Napanda, jiko limepoa. Chapati ziko, dengu ziko, chai hakuna. Niliacha kula vizuri. Vile vioo na zile nyuzi za siti nikaving'oa vyote, nikaona ndivyo vilivyonipa kichaa. Kisha jioni moja nikafunga bomba lililotoka kwenye skuta moja iliyogongwa, lenye tundu karibu mahali pale pale. Nikakata kona. Nikazima injini. Nilipofika katikati ya ngazi pua yangu ikakutana na tangawizi. Nikapanda mbio, nikakuta maziwa yanapanda kwenye sufuria, Masi amesimama na kijiko, vikombe viwili mezani. "Umemsikia, Masi?" Akasema, "Nimesikia." Nilimkumbatia kiuno nikalia kwenye sari yake kama mtoto. Bomba lile sikulibadilisha tena. Na kila jioni hadi mwaka ulipokwisha na mwanawe wa kiume akaja kumchukua kwenda kuishi naye nje, nilikuwa naingia mlangoni na swali lile lile, "Umemsikia?" naye ananijibu, "Nimesikia, dikri, kunywa."

Hivyo ndivyo nilivyoibeba habari hii. Nina duka langu sasa, na vijana wananicheka kwa tabia moja: mtu akija kununua bomba la moshi simuuzii kabla sijamuuliza la zamani atalipeleka wapi. Nimeweka mifuko pale chini ya kaunta, namwambia akishafungiwa jipya alitie la zamani humo, alirudishe nyumbani kwake, alale nalo wiki kabla hajalitupa. "Mama Spea amerukwa na akili," wanasema. Waache waseme.

Siku ya ule ujumbe nilifunga duka mapema nikaenda Magomeni. Mwanahawa hana simu ya kupokea mambo ya Hansa, na habari kama hii haitumwi, inapelekwa. Nilimkuta kwenye ukumbi wa nyumba yao, amekaa mkekani anachagua mchele, miguu ameinyoosha kwa sababu magoti hayamkubalii tena. "Shikamoo, dada." "Marahaba, Feli, mbona macho mekundu?" Nikamwambia. Akaweka ungo chini, akafuta uso kwa ncha ya kanga, akasema, "Maskini, mama wa watu," na tukakaa hivyo hivyo tukiwasikiliza watoto wa nyumba ya pili wakigombania mpira. Tulikumbushana chapati, tulikumbushana samaki wa Feri, tukacheka, tukalia. Mwisho nikasema neno ambalo nimejifariji nalo miaka yote: "Namshukuru Mungu angalau lile bomba la mwisho lilifanana. Angalau nilimrudishia mlio wa mumewe kabla hajaondoka."

Mwanahawa akaushika tena ungo, akaokota chuya moja, akaiweka chini. "Feli," akasema, "hivi wewe mpaka leo hujui?" Nikauliza najua nini. "Halikufanana. Hakuna lililofanana, mdogo wangu. Siku ya lile bomba la mwisho, mchana, aliniita akaniambia, Mwanahawa, mtoto anakonda, mikono imeungua, nimeishika nimesikia malengelenge. Leo usiondoke mapema. Simama roshani, ukimwona anakata kona ya kinyozi niambie, nibandike chai." Nikauliza, "Siku ile tu?" "Kila siku. Mpaka alipoondoka. Unadhani nilikuwa nachelewa kurudi Magomeni nikifanya nini?" Nikamuuliza, mumewe je, alisema nini juu ya mumewe. "Nilimuuliza. Nikamwambia Mama, na mzee? Akasema, yeye ameshafika alikokuwa anakwenda. Huyu ndiye bado yuko njiani."

Nikafunika uso. Si lile bomba la kwanza lililonichoma wakati ule, lile nimelizoea. Ni lile swali langu. Kila jioni nilimsimamia yule mama jikoni kwake nikamlazimisha anidanganye, umemsikia, umemsikia, na yeye asiyetaja jina la mumewe kwa heshima akalazimika kumtumia ili mimi nilale usingizi. Nilimnyima mlio, kisha nikamnyima hata kimya chake. Nikamwambia Mwanahawa hivyo, nikamwambia sijui nitaomba radhi kwa nani sasa. Akaniacha niseme mpaka nikaishiwa. Halafu akajikongoja akasimama kwa kushika ukuta, magoti yakilia, akaenda uani. Nilisikia kiberiti. Baadaye kidogo ikaja harufu ya tangawizi, na akarudi na vikombe viwili kwenye sinia, akaweka kimoja mbele yangu. Nikakitazama tu. Mkono haukwenda.

"Kunywa," Mwanahawa akasema. "Tangu jioni ile chai ilikuwa yako."

Nikanywa. Ilikuwa ya moto, ikaniunguza ulimi, nikaendelea kunywa.